Watoto wa Mji wa Shaba

Mtu akisimama asubuhi mbele ya shule ya msingi mjini Lubumbashi siku ya matembezi, ataona jambo la kufurahisha. Watoto wamepangwa wawili wawili, wameshikana mikono. Kila mmoja ana mkate wake na chupa ya maji. Huyu babu yake alitoka Kasai, yule bibi yake ni Mbemba, wa tatu mama yake ni Msanga wa upande wa Likasi, na wa nne baba yake ni mwenye duka ambaye wazee wake walitoka Ugiriki au Uhindi. Mwalimu anahesabu vichwa, kisha anahesabu mara ya pili, maana kupoteza mtoto si jambo dogo. Watoto wenyewe hawahesabu makabila. Wanauliza tu, “Mwalimu, tutafika saa ngapi?”

Mgeni aweza kudhani kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Watoto hao wasingeweza kushikana mikono hivyo katika siku za babu zao, na hata katika siku za wazazi wao mikono iliachanishwa kwa nguvu. Leo twapenda kueleza habari hizo, kwa sababu twaona zina fundisho kwa kila mzazi na kila mwalimu. Watoto wa mataifa mbalimbali hawawi ndugu kwa kuambiwa tu kwamba wao ni ndugu. Huwa ndugu kwa kuimba, kucheza, kutembea na kula pamoja. Tena, yale ambayo watoto wameyajenga kwa miaka mingi, watu wazima waweza kuyabomoa kwa siku chache.

MJI NA WATU WAKE

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, wakati wa utawala wa Emile Wangermée, ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya Malkia Elisabeth wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi, ambalo ni jina la mto wake, lilikuja kuwa jina la mji mzima mwaka 1966. Mwaka ule ule wa 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga tanuru karibu na mto, na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa. Mji wenyewe ni mtoto wa shaba.

Shaba ilitaka watu, na watu wa karibu hawakutosha. Basi wafanyakazi walitafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, Lomami, Kasai, na katika miaka ya 1920 hata Ruanda na Urundi. Mwanzoni waliletwa wanaume peke yao kwa miezi michache, wakakaa katika kambi mbaya, na wengi walikufa kwa magonjwa. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 Kampuni iligeuza desturi yake. Iliona kwamba inafaa mfanyakazi akae muda mrefu, aje na mke wake, azae watoto na kuwalea hapo hapo kambini. Basi kambi zikajaa watoto, na watoto hao walihitaji shule.

Watoto wa kambi waliongea nini? Nyumbani mama alisema Kiluba, au Kibemba, au Kinyarwanda. Nje, mbele ya bomba la maji na uwanjani, watoto walisema Kiswahili. Si Kiswahili cha Unguja wala cha Mombasa. Ni Kiswahili cha Katanga, chenye maneno ya Kiluba, ya Kibemba na ya Kifaransa ndani yake. Darasa wanaliita kalasi, na mpira ni mupila. Kampuni na serikali walikitumia Kiswahili hicho katika kazi, lakini watoto ndio waliokifanya kuwa lugha ya mama ya mji.

Upande wa Wazungu nako kulikuwa na mchanganyiko. Pamoja na Wabelgiji walikuwapo Waitalia, Wareno, Wagiriki, na Wayahudi, wengi wao kutoka kisiwa cha Rhodes. Wayahudi walikuwa na sinagogi lao, na tangu mwaka 1937 walikuwa na rabi wao, Moïse Levy, aliyewaongoza kwa miaka mingi.

Basi kila upande wa mji ulikuwa na mataifa mengi. Lakini kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, ulioitwa Albert na sasa unaitwa Kamalondo, uliachwa ukanda wa ardhi tupu, usiojengwa kitu. Walisema ni kwa ajili ya afya. Kumbe ulikuwa ukuta usio na matofali.

SHULE MBILI ZA MJI MMOJA

Mwaka 1906 Baba Mtakatifu na serikali ya Mfalme Leopold walifanya mapatano kwamba misioni zitapewa ardhi, nazo zitafungua shule. Ndiyo sababu shule nyingi za Kongo zilikuwa mikononi mwa Wamisionari. Wabenedikto wa abasia ya Mtakatifu Andrea, Bruges, walifika Katanga mwaka 1910 wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa Askofu. Mwaka 1911 walifika Wasalesiani wa Don Bosco na Padre Joseph Sak, na mwaka huo huo Masista wa Mapendo wa Gent.

Wasalesiani walifungua shule ya wavulana Wazungu, iliyokuwa Koleji ya Mtakatifu Fransisko wa Sales, na shule ya ufundi. Masista walikuwa na shule ya wasichana iliyoitwa Institut Marie-José. Katika madawati ya shule hizo mtoto Mkatoliki aliketi karibu na Mgiriki wa Kiorthodoksi na Myahudi wa Rhodes. Kwa upande wa pili, Wabenedikto walifundisha watoto Waafrika katika shule za mtaani na za kambini, na kati ya hizo shule iliyojulikana sana ilikuwa ya Mtakatifu Bonifasi. Humo mtoto wa Kasai aliketi karibu na mtoto wa Lomami na wa Rhodesia.

Angalieni, basi. Kila shule ilikuwa na mataifa mengi, lakini shule ya upande huu na shule ya upande ule hazikukutana. Tusifiche jambo hili kwa kuwa linatuhusu. Kanisa liliukubali ukuta huo. Askofu de Hemptinne, aliyeongoza hapo mpaka alipofariki mwaka 1958, alifanya kazi kubwa ya kujenga shule na makanisa. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo lilijengwa katika siku zake, mwaka 1920. Lakini alishikamana sana na utaratibu wa wakoloni, ambao ulimweka kila mtu mahali pake kwa rangi ya ngozi yake. Mtoto aliyesoma katekisimu kwamba watu wote wameumbwa na Mungu mmoja aliweza kuona kwa macho yake kwamba njia ya kwenda shule haikuwa moja.

MATEMBEZI

Hata hivyo, pamoja na vitabu, Wamisionari hao walikuja na desturi moja njema: hawakuamini kwamba mtoto hujifunza akiwa amekaa tu. Don Bosco, baba wa Wasalesiani, aliyefariki mwaka 1888, alikuwa akiwakusanya vijana maskini wa mji wa Torino, Italia, akiwatoa mjini wakati wa vuli na kuwatembeza vijijini kwa miguu siku nyingi. Walikwenda na bendi yao ya muziki, wakiimba, wakicheza michezo ya kuigiza katika viwanja vya vijiji, wakilala popote walipokaribishwa. Mwaka 1864 walifika mpaka Genova, kando ya bahari. Don Bosco alijua kwamba mwalimu anayeonekana kwenye mimbari tu huogopwa, bali mwalimu anayetembea na wanafunzi vumbini hupendwa, na akipendwa husikilizwa.

Katika nchi ya Katanga, matembezi ya namna hiyo hayahitaji fedha nyingi. Kiangazi, tangu mwezi wa Mei mpaka karibu Oktoba, mvua hainyeshi na njia ni kavu. Mwalimu akitoka na watoto nje kidogo ya mji, huingia katika pori la miombo, na hapo kila hatua ina somo.

La kwanza ni kichuguu. Vichuguu vya huko ni vikubwa kama vilima, vingine virefu kupita nyumba, na miti huota juu yake. Wataalamu waliopima udongo wa vichuguu hivyo wamekuta kwamba baadhi yake vina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Maana yake, vilianza kujengwa karibu na siku za Bwana wetu Yesu Kristo, na wadudu wasiozidi ukucha wa mtoto. Watu wa mji hufyatua matofali kwa udongo wa vichuguu, kwa hiyo nyumba nyingi ambazo watoto hulala ndani yake zilikuwa kwanza nyumba za mchwa. Mtoto aliyeambiwa hayo akiwa amesimama juu ya kichuguu chenyewe, hatayasahau.

La pili ni maua ya shaba. Pale ambapo udongo una shaba nyingi, miti hukataa kuota, lakini yapo majani madogo yanayoipenda ardhi hiyo. Mmoja wa mimea hiyo, wenye maua ya rangi ya zambarau, wataalamu wameuita kwa jina la Katanga. Waliotafuta madini zamani waliiangalia mimea ya namna hiyo ili kujua mahali pa kuchimba.

La tatu ni wahenga wenyewe. Zamani sana, kabla ya reli na Kampuni, watu wa nchi hii walichimba shaba wakati wa kiangazi, wakajenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha mawe ya kijani na kumimina shaba katika vifuo vya umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali: ilitumika katika biashara na katika mahari. Hawakuwa wameiga msalaba wa Kristo; ulikuwa umbo lao wenyewe. Askofu de Hemptinne aliandika juu ya mafundi hao mwaka 1926, akawaita “wala shaba”. Mwaka 1957 na 1958 wachunguzi walifukua makaburi ya kale huko Sanga, katika bonde la Upemba, wakakuta misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na watu. Mtoto akiingia katika Makumbusho ya Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka 1946, atajifunza habari za kazi hiyo. Na ni vizuri ajifunze, ili asije akadhani kwamba shaba ililetwa na garimoshi.

NYIMBO

Msalaba wa shaba uliwapa jina watoto waimbaji. Mwaka 1937 Mbenedikto mmoja, Padre Anschaire Lamoral, alianzisha kwaya ya wavulana Waafrika mjini Elisabethville, iliyoitwa Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba. Kati ya walimu wa muziki wa mji huo aliyepata sifa kubwa ni Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912. Kiwele aliujua muziki wa Kanisa na kinanda, lakini hakuyadharau mahadhi ya nyumbani. Alitunga Misa kwa mahadhi ya Katanga, wakati ambapo Wakristo wengi walikuwa bado wakiona aibu kuleta sauti ya ngoma karibu na altare.

Katika kwaya, mtoto hujifunza jambo ambalo hesabu haiwezi kumfundisha. Akiimba kwa nguvu kuliko wenzake, ameharibu. Akinyamaza, ameharibu pia. Inambidi amsikilize jirani yake, hata kama jirani huyo ni wa kabila ambalo mjomba wake humsema vibaya nyumbani.

Waimbaji wa Kamina, kaskazini ya Katanga, walikwenda mbali zaidi. Padre Guido Haazen, Mfransisko, aliwakusanya wavulana kama 45 wa miaka 9 hadi 14 pamoja na walimu wao kama 15, wakaitwa Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958 waliimba kwa mara ya kwanza ile Missa Luba katika misioni ya Kamina. Mwaka huo huo walisafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji wakati wa maonyesho makubwa ya Brussels, wakaenda Uholanzi na Ujerumani, na wakaimba pamoja na wavulana waimbaji wa Vienna. Hebu fikirini: mtoto wa miaka 10 wa Kamina anasimama bega kwa bega na mtoto wa Vienna, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, na wote wawili wanaimba wimbo mmoja. Huenda hayo ndiyo matembezi makubwa kuliko yote ambayo watoto wa shule wa Katanga walipata kufanya.

MUPILA

Lakini ukimwuliza mtoto wa Lubumbashi habari za michezo, hatakwambia habari za kwaya. Atakwambia habari za mupila.

Wabenedikto walipenda sana michezo ya viungo na mpira, na Padre Grégoire Coussement alijulikana mji mzima kwa kazi hiyo. Mwaka 1939, katika shule ya Mtakatifu Bonifasi, waliunda timu kwa ajili ya vijana ambao hawakuelekea upadre. Vijana hao walikuwa skauti, kwa hiyo timu ikapewa jina la msimamizi wa skauti, Mtakatifu Georges. Tukumbuke kwamba Baden-Powell alipofanya kambi yake ya kwanza katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwachagua makusudi wavulana wa shule za matajiri na wavulana wa wafanyakazi, akawalaza katika mahema mamoja. Wazo ni lile lile: wapewe moto mmoja wa kuota na chungu kimoja cha kupikia, na upatano utakuja wenyewe.

Timu hiyo ya shule ilibadilishwa majina mara kadhaa. Iliitwa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya matairi. Na leo ni Tout Puissant Mazembe. Ilipata ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968, na mara nyingine mwaka 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa Desemba 2010 ilicheza fainali ya ubingwa wa vilabu vya dunia na Inter ya Milano. Ilifungwa mabao 3 kwa 0, lakini hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo kabla yake. Msomaji anayeishangilia akumbuke kwamba mwanzo wake ulikuwa wanafunzi na padre, katika uwanja wa shule.

Uwanja wa mpira, hata hivyo, una kumbukumbu nyingine katika mji huu. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita vya dunia, wafanyakazi wa Kampuni waligoma kwa sababu mshahara haukutosha kulisha watoto. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira. Gavana Maron alikuja na askari. Msemaji wa wafanyakazi, Léonard Mpoyi, alipigwa risasi akafa, na wengine wengi waliuawa hapo hapo. Wazee wa Lubumbashi hawakuyasahau mambo hayo. Waliwasimulia wana wao, na wana wakawasimulia wajukuu. Twayataja hapa ili msomaji asije akadhani kwamba michezo ilitosha kuponya kila kitu. Baba alipigwa risasi katika uwanja wa mpira, na ulimwengu wa watoto ni mdogo: uwanja ni uwanja.

MLANGO UNAFUNGULIWA NUSU

Baada ya vita hiyo ya dunia, mambo yalianza kusogea, lakini polepole. Mwanzo wa miaka ya 1950 watoto Waafrika wachache waliruhusiwa kuingia shule za Wazungu. Si kila mtoto. Familia ilichunguzwa kwanza: nyumba ni safi? Wazazi wanajua Kifaransa? Wanakula mezani? Mtoto mwenyewe alipimwa afya na akili. Mtoto wa Kizungu hakuulizwa hata moja la maswali hayo. Mwaka 1954 Waziri Buisseret alianza kufungua shule za serikali zisizo za dini, na humo pia watoto wa rangi mbalimbali walipokewa. Maaskofu wengi walizipinga kwa ajili ya dini, nasi twaelewa hofu yao. Lakini ni kweli pia kwamba mashindano hayo yaliharakisha kufunguliwa kwa milango. Mwaka 1956 mji ulipata hata Chuo Kikuu, kilichopokea vijana Waafrika na Wazungu katika vyumba vile vile vya masomo.

Kwa mtoto mdogo aliyekuwa Mwafrika peke yake, au mmoja wa wawili katika kalasi ya watoto 30, siku ngumu haikuwa siku ya mtihani. Katika mtihani kila mtu hutazama karatasi yake. Siku ngumu ilikuwa siku ya matembezi, pale mwalimu anaposema, “Shikaneni mikono wawili wawili.” Nani atanyosha mkono kwanza? Mwalimu mwenye moyo hungoja kidogo tu, kisha huwapanga mwenyewe. Na mara watoto wanapofika mtoni, wanapoanza kutafuta mawe ya kijani na kugawana mkate, swali lile limekwisha.

MIKONO INAACHANISHWA

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga. Joseph Kiwele, yule mwalimu wa muziki, alikuwa Waziri wa Elimu wa Katanga; alifariki mwaka 1961. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba na Desemba, palipiganwa mjini. Makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na watoto waliokuwa wameketi dawati moja na wengine wakajikuta nyuma ya waya. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Wazungu wengi walikuwa wamekwenda zao.

Zaidi ya miaka 30 baada ya uhuru jambo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Hesabu yao ilikuwa mamia ya maelfu. Walikaa stesheni kwa majuma na miezi, juu ya mizigo yao, wakingojea garimoshi, na wengi walikufa, watoto wakiwa mbele. Wengi wa watoto hao hawakupata kuiona Kasai hata siku moja. Walizaliwa katika kambi za shaba kama wenzao. Kiswahili chao kilikuwa cha Katanga. Walishangilia timu ile ile. Waliambiwa, “Rudini kwenu,” nao hawakujua kwao ni wapi.

Wakati huo rangi ya ngozi haikuwa sababu tena. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa weusi wote, na wengi walikuwa wamebatizwa katika kisima kimoja. Hapo ndipo twaona kwamba kuvunja ukuta mmoja hakumzuii mtu kujenga mwingine.

JE, KAZI ILE ILIPOTEA BURE?

Mtu aweza kusema, “Basi kwaya, mupila na matembezi vilisaidia nini?” Swali hili ni la haki, na hatutalikwepa.

Kwanza, twajua jinsi mambo ya namna hiyo yanavyokwenda. Wanaochochea chuki huwa ni wakubwa wanaotafuta kura, kazi na nyumba za wengine. Kinachomzuia mtu kumfukuza jirani yake huwa ni kitu kidogo sana: alicheza naye, alikula kwa mama yake. Kitu hicho hakizimi moto wote, lakini nyumba moja hufunguliwa mlango wa nyuma, na mtu mmoja hupona.

Pili, Lubumbashi imebaki kuwa mji wa watu wengi. Wengi waliofukuzwa walirudi. Shule nazo zimebaki. Koleji ya Mtakatifu Fransisko wa Sales ilikuja kuitwa Imara, na Institut Marie-José ikaitwa Tuendelee. Ni majina ya Kiswahili, lugha ile ile waliyoikuza watoto wa kambi, na sasa iko juu ya malango ambayo zamani watoto hao hawakuruhusiwa kupita.

Basi twawaomba walimu na wazazi mambo machache. Siku ya matembezi isihesabiwe kuwa siku iliyopotea. Gharama ipunguzwe, hata kwenda kwa miguu mpaka kichuguu cha karibu, ili asibaki mtoto nyumbani kwa sababu ya fedha. Maana mtoto aliyebaki peke yake siku hiyo amefundishwa kwamba yeye si wa kundi. Mwalimu awapange watoto yeye mwenyewe, asiwaache kila mmoja na wa kwao. Chakula kiwekwe pamoja, wagawane. Na sisi wazazi, mtoto akirudi na vumbi miguuni akitaja jina la rafiki mpya, tusimwulize kwanza, “Huyo ni kabila gani?” Tumwulize mlicheza nini.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Watoto wa mji wa shaba wamekunjwa mara nyingi, pengine kwa wema, pengine kwa ubaya. Asubuhi hii wamesimama tena mbele ya shule wawili wawili, na mwalimu amekwisha kuhesabu vichwa. Wote wapo. Waacheni waende.